Moshi wa Kijiji Chetu

Nyanya yangu ndiye aliyenieleza kwanza, nilipokuwa mtoto, kwamba watu hawahesabiwi.

"Mikungu ya ndizi ndiyo huhesabiwa," alisema, "maana inapelekwa sokoni Ogembo. Wewe unataka kumpeleka nani?"

Nilikuwa nimetoka shuleni na kazi ya nyumbani. Kitabuni tulikuwa tumesoma habari za kijiji kidogo karibu na pwani: mahali kilipo, mchanga wake, minazi yake, na idadi ya watu wake. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu aende akaeleze kijiji chake vivyo hivyo mbele ya darasa. Mimi niliogopa kusimama mbele ya watu kuliko kiboko, na bila idadi wangenicheka. Lakini mama alikuwa mjamzito, siku zake zimefika, na nyanya aliamini kwamba ukihesabu watu, mmoja hupungua.

"Basi niseme nini, nyanya?"

"Njoo."

Jioni ile tulipanda kilima hadi juu ya shamba letu la chai. Chini yetu migomba ilishuka mpaka mtoni, na moshi ulikuwa ukitoka majikoni. Nyanya hakunyoosha kidole. Alielekeza kwa kidevu.

"Ule mzito ni wa Bosibori. Kuni mbichi kila siku, na mdomo mkavu usiojua haya. Ule mwembamba ni wa fundi cherehani, anajipikia mwenyewe tangu mkewe afariki. Pale pasipo na moshi, wenyewe wako Itumbe, zamu ya kiwanda cha chai. Watarudi."

Hakumwacha mtu. Nilimtazama kwa mshangao: kijiji kizima kilikuwa kifuani mwake, bila tarakimu hata moja.

Leo mimi ni mama. Sijui kama kuhesabu hudhuru. Lakini nikiulizwa nina watoto wangapi, hutaja majina yao, na kila jina huniletea uso.

Alfajiri iliyofuata jioni ile ya kilimani, mama yangu alijifungua salama. Nilikwenda shuleni, nikasimama mbele ya darasa, nikaeleza kilima, mto, na moshi mmoja baada ya mwingine, na wenyewe.

"Na jumla?" mwalimu akauliza.

"Hajui hesabu huyo," mvulana mmoja akasema, wenzake wakacheka.

"Jumla sina, mwalimu," nikajibu. "Lakini bado sijamaliza. Kwetu kuna mwingine, amefika leo. Jina bado hajapewa."