Ulimi wa Bluu na Jina la Mzee Benda

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa adhabu. Nilikuwa kidato cha pili, na shule yetu hapa Mpanda ilikuwa imepata kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika kwingine. Mwalimu wa TEHAMA aligeuza moja mgongo, akaweka kidole kwenye poti.

"Tabu, hili ni tundu la nini?"

"La panya, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Basi wewe ndiye paka. Kuanzia leo, kila Jumatano baada ya vipindi, unakuja kulinda matundu yako."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nawaandikia nyie wa kidato cha kwanza mtakaoirithi kazi hii, maana nimeitumikia mpaka magoti yangu yanaijua sakafu ya maabara kuliko yanavyoijua sakafu ya kanisa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Vumbi. Nilipewa brashi ya rangi iliyochakaa, nikaambiwa nisafishe kila poti na nijifunze umbo lake. Ile ya mstatili inayopokea flashi ndiyo USB ya kawaida. Ndani ina ulimi mmoja, kwa hiyo flashi ikigoma, igeuze. Usisukume. Ya mraba, iliyokatwa pembe mbili za juu, iko kwenye printa. Nyembamba ya mviringo, mfano wa mbegu ya boga, ni taipu C, na hiyo haina juu wala chini. Halafu kuna tundu la waya wa intaneti, ambalo siyo USB kabisa, ila upana wake unadanganya. Flashi inaingia humo, inachezacheza, na hakuna kinachotokea. Makamu Mkuu wa Shule aliwahi kuiweka humo flashi yenye mitihani, akalaumu virusi. Niliichomoa, nikaiweka panapohusika, nikanyamaza. Ukiwa mtumishi unajifunza kunyamaza.

Kidato cha tatu nilipanda cheo, nikawa Kiranja wa Maabara. Hapo ndipo nilipofundishwa rangi. Ulimi mweusi au mweupe ni USB ya zamani. Wa bluu ni ya baadaye: data inapita kwa kasi, na umeme inaotoa kwa kifaa ni mwingi zaidi.

"Usimwambie mtu 'chomeka kwenye bluu' ukaishia hapo," Mwalimu alinionya. "Tundu la skrini nalo ni bluu, lina vishimo vingi na skrubu mbili. Sema ulimi wa bluu."

Niliona ananichosha, mpaka mwenzangu alipoambiwa "bluu" tu, akaikandamiza flashi kwenye tundu la skrini hadi ganda likapasuka.

Wiki yangu ya mwisho kazini, siku ya Ijumaa asubuhi, alikuja Mama Spesioza, mpishi wetu. Aproni bado iko kiunoni, mkononi ana mfuko wa sukari, na ndani ya mfuko kuna diski ya nje, ile ya kubebeka.

"Mwanangu, we si ndiye paka wa kompyuta?"

"Ndiye, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nisaidie, baba yangu yumo humu."

Nilitaka kutania, ila uso wake ulinizuia. Baba yake, Mzee Benda, alifariki mwaka jana kule Kakese. Kesho ya Ijumaa hiyo, Jumamosi, familia ilikuwa inajengea kaburi kwa saruji, na fundi alitaka jina la kuchora kwenye jiwe.

"Sasa Benda siyo jina lake," akasema. "Alipovuka mpaka kutoka Burundi, karani aliandika alivyosikia. Mambo ya kwao hakupenda kuyaongelea. Tukimuuliza, anatutuma tukapalilie. Mara moja tu alimwambia mdogo wangu, naye akamrekodi kwa simu, ila hakuyashika kichwani. Simu ikaibiwa. Video imebaki humu, na yule wa duka la simu kasema diski imekufa, nisihangaike."

"Aliichomekaje?"

Akatoa waya wa chaja ya simu. Tundu la diski ile ni pana, lina sehemu mbili zilizoungana, kubwa na ndogo. Waya wa chaja unaingia kwenye ile kubwa na kukaa vizuri tu, kama mgeni aliyekosea nyumba akapewa kiti. Niliuchomeka kwenye ulimi mweusi wa mbele ya mashine nisikie. Diski ikalia kwi, kwi, kwi.

Mama Spesioza akaziba mdomo kwa kiganja. "Hivyo hivyo! Hata dukani ililia hivyo. Imekufa kweli."

"Haijafa, Mama. Ina njaa."

Nilisema kwa ujasiri, ila sikuwa na hakika. Nikamwaga boksi la nyaya sakafuni, nikapata mmoja wenye kichwa kipana, sehemu mbili. Nikatambaa nyuma ya mashine, nikapapasa, nikalipita tundu la skrini, nikauchomeka kwenye ulimi wa bluu, wenye umeme wa kuishibisha. Kimya. Halafu diski ikaanza kuzunguka, mvumo mmoja mtulivu.

"Usiguse kitu chochote," Mwalimu alisema nyuma yangu. Hata sikujua ameingia saa ngapi.

Kwenye skrini akatokea mzee, kakaa kwenye kigoda, anamenya mihogo. Akasema kwa Kirundi, bila kuinua macho, "Nitwa Nyabenda."

"Rudisha," Mama akaniambia.

Nikarudisha. "Nitwa Nyabenda."

"Kwetu Nyabenda ni mtoto wa tisa," Mama alisema polepole. "Sisi alituambia alizaliwa peke yake."

Mzee akataja kilima alikozaliwa. Kisha akaweka kisu chini, akaanza kutaja majina mengine, na kila jina anakunja kidole. Mama ananitamkia herufi kwa herufi, mimi nachapa. Yalitoka manane. Printa ikatoa karatasi, naye akayapitia kwa kidole chenye unga, akapiga simu hapo hapo.

"Fundi, lile jiwe ulilopima ni dogo. Tafuta kubwa. Ndiyo, kubwa. Wako tisa."

Ya kustaafu ni machache. Nilikabidhi ufunguo siku ile ile, maana mtihani wa taifa unanisubiri na hesabu sizijui. Sikuagwa kwa sherehe. Nilichokipata kazini ni kwamba sasa, nikiambiwa kitu kimekufa, nauliza kwanza kimechomekwa wapi.

Mchana huo makande yaliungua. Bwalo zima lilikuwa linagonga sahani na kulalamika, "Leo Mama kafanya nini?" Mimi nilikula yangu yote, nikaenda kuomba nyongeza.