Muhanga Kwenye Ngao ya Baba

Kapteni alipobisha hodi Jumamosi ile, nilikuwa nimetoka kumbadilisha baba shuka kwa mara nyingine tena tangu alfajiri. Nilishuka ngazi mikono yangu ikinuka dawa ya kufulia. Nikamkuta mwanamke kijana amevaa magwanda ya jeshi, kofia ameishika mkononi, amesimama barazani kwetu kama aliyepotea njia. Mtaani kwetu Kuze hatuna mazoea ya magwanda. Majirani walikwisha kuchungulia madirishani.

"Sabalkheri, dada," alisema, kwa Kiswahili cha bara alichojitahidi kukilainisha. "Namtafuta mzee mmoja aliyekuwa mhandisi wa vita."

"Ndiye babangu. Lakini akili yake siku hizi yaja na kwenda. Ukimkuta, bahati yako."

Nilimkaribisha kwa kuwa sikuwa na nguvu za kumkatalia.

Baba ni mzaliwa wa Kuze. Babake alikuwa akisomesha watoto Kurani chuoni, na kila mtu alidhani naye atashika njia hiyo. Badala yake akaandikwa jeshini, akapangwa kwenye kikosi cha wahandisi wa vita. Hao ndio wanaotangulia mbele ya wenzao: huchonga barabara pasipo barabara, hutandika madaraja juu ya mito, na huyafukua mabomu yaliyotegwa ardhini ili wengine wapite. Hayo niliyajua kwa kusikia kwa watu, si kwa kinywa chake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akija likizo, akilala mchana kutwa, kisha akiondoka. Alipostaafu akapata kazi ya ufundi gatini Mbaraki, na jeshi hakulitaja tena. Mama alifariki bila kujua mumewe alifanya nini miaka yote ile. Nami ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani, nikamkuta ameanza kusahau njia ya msikitini.

Siku za kazi jirani yetu mmoja hunishikia zamu, nami huenda ofisini, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Jumamosi na Jumapili ni zangu. Na usiku wote ni wangu.

Kapteni aliketi kando ya kitanda, akafungua karatasi yenye nembo ya kikosi: ngao nyekundu juu, buluu chini, daraja katikati, na chini ya daraja mnyama mwenye masikio ya punda na pua ya nguruwe, amefukia kichwa mchangani.

"Ni muhanga," alinieleza. "Yule anayechimba vichuguu usiku kutafuta mchwa. Vikosi vingine vina simba, vina tai. Sisi wageni wakija wanacheka, wanatuuliza nguruwe huyu amefuata nini. Wakubwa wanataka kumwondoa. Lakini kamanda amesema kwanza tujue aliwekwa kwa nini. Waliokuwepo wamebaki wachache, na mzee ni mmoja wao."

Baba aliitazama ile karatasi muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia mwaka mzima, "Kamanda wetu alimpenda. Alisema muhanga hachagui udongo. Hata ardhi iwe ngumu vipi, yeye huchimba."

Kapteni akaandika, akafurahi, akanywa chai, akaenda zake. Nikadhani yameisha.

Jumamosi iliyofuata akarudi kuuliza habari za daraja na zile rangi. Baba akamwambia kwamba nyekundu ni moto na buluu ni mto, na kwamba daraja ni daraja, lataka maelezo gani? Alipofika kwa muhanga, akaja na hadithi nyingine kabisa. Ulikuwa mzaha wa mpishi wao. Walikuwa wakirudi kambini vumbi limewajaa mpaka masikioni, na mpishi akiwapakulia ugali huku akiwaita mihanga. Jina likawaganda.

"Mbona wiki iliyopita ulisema ni kamanda?" kapteni aliuliza kwa upole.

"Nilisema hivyo?" baba akajibu. "Basi labda."

Nilicheka, na nikaona ajabu kujisikia nacheka. Lakini jioni ile niliviosha vikombe kwa kishindo. Nilimlisha, nikamwogesha, nikamkata kucha, na hata siku moja hakuniambia kwamba aliwahi kuwa na mpishi mcheshi. Mgeni amekuja na karatasi yake, na baba amefunguka kama mlango.

Mara ya tatu nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai na mahamri baba aliposema, bila ya kuulizwa:

"Tulikuwa tukisafisha njia, huko kaskazini. Jua lilipotua tukaacha, tukapumzika kando ya malori. Kazi ya asubuhi ilikuwa yangu, mie ndiye niliyekuwa nitangulie. Usiku tukasikia mlipuko. Kulipokucha tukamwona. Muhanga. Alichimba palipotegwa bomu, nadhani alifuata mchwa. Palikuwa mbele kidogo tu ya pale nilipoachia."

Kapteni aliacha kuandika.

"Lile bomu lilikuwa langu," baba akasema. "Tulimzika. Sijaona askari wamzika mnyama, lakini sisi tulimzika. Mwenzangu mmoja akamchora kwenye mlango wa lori kwa rangi nyeupe, na lori zima likawa laitwa hivyo." Kisha akaanza kulia, kilio kikavu kisicho na machozi, mdomo wazi.

Niliweka sinia chini. Wakati ule nilikuwa sijazaliwa. Alikuwa hajamwoa hata mama. Nilisimama pale nikijua kwamba mimi na pumzi zangu tulipitia kwenye shimo la yule mnyama, na sikujua nifanye nini na jambo hilo. Nikamfuta mate.

Wiki ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Baba alikataa kukanyaga sakafu. Nikimwinua kwenda chooni, alinishika kwa nguvu za ujana, akapiga kelele, "Simama! Usikanyage!" Miguu yake ikaning'inia hewani nami mgongo ukaniuma. Alilowesha kila kitu. Ofisini nilisinzia juu ya meza mpaka mwenye kampuni, mzee wa Kihindi asiyependa maneno mengi, akaniambia, "Bibi, nenda nyumbani." Nyumbani ndiko nilikokuwa nikikukimbia.

Nikampigia kapteni simu.

"Usije tena," nikamwambia. "Ulichotaka umekipata. Umemwamshia kitu ndani, na mimi ndiye ninayebaki nacho."

"Samahani, dada. Sikujua."

"Hukujua. Sasa wajua."

Jumamosi akaja. Nilifungua mlango nikiwa na maneno makali tayari, lakini sikumkuta kapteni niliyemzoea. Alikuwa amevaa gauni la kawaida na kandambili, na hakuwa na karatasi. Kwapani alibeba furushi kubwa la nepi za watu wazima.

"Sikuja kuuliza kitu," alisema. "Mamangu anamtunza nyanya yangu huko kwetu, na mimi niko mbali, simsaidii. Wewe toka. Nitakaa naye."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Mradi si hapa."

Nilienda kando ya bahari, Mama Ngina. Sijui kwa nini huko. Labda kwa kuwa ndiko watu huenda wakiwa hawana kazi. Nilinunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, nikaketi ukutani nikitazama watoto wakikimbizana na vijana wakipigana picha. Mihogo ikanipoa mkononi. Nililala nimeketi, katikati ya kelele zote zile, mpaka mwanamke muuza madafu akanigusa bega: "Dada, utaanguka baharini."

Niliporudi nilisikia sauti ya kapteni kutoka ngazini. Nikapanda polepole. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Baba alikuwa amesimama, amejishikilia ukutani. Mbele yake kapteni alikuwa amepiga magoti sakafuni, gauni limekunjwa, akiipapasa simiti kwa viganja viwili, shubiri kwa shubiri, kama wanavyofundishwa.

"Hapa pako salama, afande," alisema. "Pita."

Baba akaweka mguu. Kapteni akasogea, akapapasa tena.

"Hapa pia. Pita."

Hivyo hivyo mpaka mlango wa choo. Baba hakupiga kelele. Alitembea mgongo umenyooka, uso umetulia, kama mtu aliyekabidhi kazi kwa mwenzake anayemwamini. Sikuingia. Niliketi kwenye ngazi nikalia, na sikulia kwa huzuni. Nadhani ulikuwa uchovu tu, umepata mwanya.

Tangu siku ile ndivyo nilivyompeleka chooni. Magoti yangu yakaota sugu.

Muhanga hakuondolewa kwenye ngao. Kapteni alikuja kuniambia mwenyewe, akitazama chini. Alikuwa ameandika hadithi zote tatu, lakini kwenye ubao wa historia pale kambini wakubwa walichagua ile ya kamanda na udongo mgumu. Walisema ndiyo inayofaa kutundikwa ukutani.

"Na ile nyingine?" niliuliza.

"Walisema haina uhakika. Inaweza kuwa mzee aliota."

Huenda. Hata mimi siwezi kuapa. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira mwilini sikuiona ilipo. Nikamwambia hapana neno.

Baba alifariki msimu wa mvua, asubuhi, nikiwa namchemshia uji. Jeshi likaleta watu na bendera. Ami yangu akatoka barazani akawaambia kwa adabu kwamba maiti wetu hufunikwa kwa shuka na hahitaji kupigiwa risasi. Mkubwa wao akasema, "Tumekuelewa, mzee," bendera ikarudishwa garini. Kisha wale askari wakavua kofia, wakajichanganya na watu wa Kuze kulibeba jeneza, bega hili likipokea kutoka bega lile, mpaka likapotea kwenye kona ya kichochoro.

Kapteni alibaki nasi wanawake ndani. Nilimwazima leso za mama, akajitanda vibaya, shangazi akamrekebisha. Hakujua dua hata moja. Alikaa mkekani miguu ameikunja, akiitikia amini pale wengine walipoitikia.

Watu walipopungua akanisogelea. Alikuwa amepewa uhamisho, ataondoka wiki hiyo.

Nilijua kwamba kuna neno napaswa kumwambia. Nikalitafuta. Mwili wote uliniuma, na masikio yalikuwa yakivuma kwa kukosa usingizi.

"Pilau imebaki jikoni," nikamwambia. "Nenda ule kabla haijapoa."

Akaenda, akapakua sahani mbili.