Kanda Nilizobeba Tupu

Kazi yangu kwenye ile ofisi ya Gerezani ilikuwa chai na ufagio. Kanda za kompyuta nilipewa baadaye, kwa kuwa mimi ndiye nisiyekosa kazini. Kila alasiri natoa kanda yenye nakala za karatasi za mizigo ya bandarini, naweka nyingine, nasaini daftari, ile niliyotoa naitia kikapuni hadi kwangu Magomeni. Ofisi ikiungua, nakala ziko kabatini mwangu.

Mashine ya kanda ilikuwa na kelele. Inakimbia, inasimama, inarudi nyuma, inakimbia tena. Nikamwambia fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye watoto:

"Mwanangu, hii itakula kanda. Mashineni hatupeleki mahindi kikombe kikombe. Unajaza gunia, ndipo linamwagwa."

Akacheka. "Bibi, umesomea wapi?"

"Kwenye foleni ya unga."

Kumbe ndiyo dawa. Akapanga kila kitu kirundikwe kwanza kwenye diski, kikitosha kimwagwe kwenye kanda kwa mkupuo mmoja. Mashine ikavuma bila kusita. Nikampikia chapati.

Baada ya wiki chache ikanyamaza kabisa. Nikamuuliza.

"Mashine yenye afya haipigi kelele, bibi. We saini tu."

Masikio yalikataa, mkono ukasaini. Yule fundi nilishamhesabu kuwa mtoto wangu.

Miezi ikapita, diski ikafa. Bosi akataka kanda zangu. Zote za tangu ule ukimya, tupu.

"Nani alikuwa anabadilisha kanda?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Bibi. Labda alikuwa anaziweka vibaya. Si unajua hajasoma."

Nilisimama na birika mkononi. Saini zilikuwa zangu.

Aliyeniokoa ni fundi mwingine, aliyeitwa kutoka nje. Yeye ndiye aliyeona kwamba kule kumwaga kulizimwa kwa makusudi. Mashine ya kanda iliharibika, fundi wetu akaona uvivu kuitengeneza. Mahindi yamejaa gunia, hayajafika kinuni, na mimi nabeba debe tupu kila siku hadi Magomeni.

Bosi aliniomba radhi. Fundi wetu hajaniomba mpaka leo. Akipita ananiambia, "Shikamoo, bibi," nami naitika marahaba, maana salamu ni haki yake. Ila kikombe chake cha chai anajimiminia mwenyewe, na daftari sisaini kabla sijaisikia mashine ikivuma.