Udhu Ulioshiba

Juzi adhuhuri, kwenye mabomba ya wanawake ya msikiti wetu Mwananyamala, dada mmoja alifungua maji mpaka mwisho wa koki. Maji yanakimbilia mtaroni, yeye anasugua kiwiko taratibu kama anapaka losheni. Mie nilikuwa pembeni yake, namalizia udhu kwa kopo langu.

"Mwanangu, punguza," nikamwambia. "Tangi hilo ndilo letu sote."

"Shikamoo, bibi. Mie napenda udhu ulioshiba. Na maji yenyewe si ya Mungu?"

"Marahaba. Ni yake, ila kufunga bomba kakuachia wewe."

Akacheka, akahamia masikioni. Bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. Miguu yake ilikuwa bado, na ndani imamu ameshaanza kusalisha. Akalitikisa bomba, akaligonga kwa kiganja, kisha akaligeukia kopo langu.

"Bibi, yamebaki?"

"Yamebaki, lakini hayajashiba."

Nikampa. Akamimina kidogo kidogo, pumzi kaibana, kidole kinapita katikati ya vidole vya mguu, hakuna tone lililokwenda bure. Miguu yote miwili ikaosheka, na kopo akanirudishia lina maji ndani!

Kumbe anajua vizuri tu. Masheikh wetu wanatuhubiria kila siku tusifanye israfu, tunaitikia kwa vichwa. Mie ningepewa funguo za msikiti, nisingehubiri. Ningeifunga ile koki kubwa ya tangi nusu, halafu nikae zangu kwenye mkeka nitazame watu wanavyomcha Mungu.