Mvushaji wa Nzoia Anayeuliza Mvua kwa Simu

Saa moja asubuhi, jua limeshapanda juu ya mashamba ya miwa, na Kizito Mukhisa bado hajagusa kasia. Amechuchumaa ukingoni mwa Mto Nzoia, upande wa Bungoma, mkono wake umezama majini hadi kiwiko. Anautoa, anakitazama kiganja, kisha anachomoa simu kutoka kwenye mfuko wa nailoni unaoning'inia shingoni.

"Maji iko sawa," anawaambia akina mama wawili wenye vikapu vya nyanya. "Lakini ngojeni kidogo niulize mvua."

Akina mama wanatua vikapu. Wageni ndio hushangaa, kwa kuwa angani hakuna hata wingu.

Mukhisa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amevusha watu kwa mtumbwi hapa tangu ujana wake. Daraja liko mbali, na siku ya soko wateja hufika hata sitini. Kazi hii ndiyo inayowasomesha watoto wake wanne.

"Mvua ya hapa mimi siogopi," anasema. "Naiona ikikuja. Ile inaua ni ile sioni."

Mvua hiyo hunyesha jioni kwenye Mlima Elgon. Maji huteremka usiku kucha kupitia vijito vya Trans-Nzoia, na kufika kivukoni kumeshakucha, jua likiwaka. Miaka yake ya mwanzo Mukhisa alitegemea rangi ya maji, povu, na mabua ya mahindi yanayoelea. Lakini ukiyaona mabua, mto umeshakufikia. Redio nayo hutangaza mvua ya hapa na pale.

"Sasa hapa ni wapi, na pale ni wapi?" anauliza, akicheka.

Jibu lilimjia mwaka 2004, aliponunua simu yake ya kwanza, iliyotumika. Alitaka kumpigia shemeji yake aliyehamia Matisi, mjini Kitale. Akakosea nambari. Aliyepokea alikuwa Linah Chepkorir, mama anayefuga ng'ombe wa maziwa huko juu ya Endebess, kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

"Aliposema Endebess, nikasahau shemeji. Nikamwuliza, 'Mama, kwani huko inanyesha?' Nafikiri aliona nimerukwa na akili."

Chepkorir, akizungumza nasi kwa simu, anacheka akikumbuka. "Nilikuwa karibu kukata. Lakini sauti yake haikuwa ya mchezo. Nikamwambia inanyesha mpaka ng'ombe wamekataa kutoka. Kesho yake akapiga, ati maji yamefika kwake. Mimi nimezaliwa kando ya huu mto, na sikuwa nimewahi kujiuliza maji yake yanaenda wapi."

Tangu hapo wakawa wanaulizana. Chepkorir alitaka kujua maji yanafikaje Bungoma, yana rangi gani, kama magogo ya kwao huonekana. Mukhisa alitaka kujua kijito kimefika wapi kwenye daraja la miti lililo chini ya boma lake. Wakapatana: Chepkorir akiflashi, yaani kupiga na kukata, mara moja, mvua kubwa imenyesha. Akiflashi mara mbili, maji yamegusa daraja.

Tatizo ni mtandao. Ukingoni simu hulia, lakini sauti hukatikakatika. Pa kuongea vizuri ni katikati ya mto, ambapo miti haikingi kilima chenye mnara wa simu.

"Yaani kama unataka kuuliza hatari," anasema mkewe, Nanyama, "lazima uende ukae ndani yake."

Mwezi Mei mwaka huu, jambo hilo lilikaribia kumgharimu maisha.

Asubuhi hiyo familia moja ilifika kutoka Kitale na jeneza. Marehemu alikuwa azikwe ng'ambo mchana, kaburi limeshachimbwa. Gari lilikuwa limewashusha na kugeuza. Mukhisa alipoanza kuufunga mtumbwi kando ili jeneza lipakiwe, simu ikalia. Ikakata. Ikalia tena, ikakata. Halafu ikalia mara ya tatu.

"Mara tatu hatukuwa tumepanga," anasema. "Nikajiuliza, huyu mama anasema nini?"

Alijaribu kupiga, akasikia maneno nusunusu. Akawaomba waombolezaji wangoje. Mzee Barasa, baba mdogo wa marehemu, akamjia juu.

"Kijana, jua yote hii unaogopa nini? Mtu wetu alale hapa nje kama mzigo?"

"Mzee, nipe nafasi niulize tu."

Akaingia mtoni peke yake. Katikati akashika kasia kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Chepkorir alipokea akipiga kelele: daraja halikuguswa, lilikuwa limebebwa, na zizi la ndama pamoja nalo. Alikuwa amejaribu kumpata tangu kulipokucha.

"Toka kwa maji!" ndiyo maneno ya mwisho aliyosikia.

Mukhisa anasema mtumbwi ulimwambia kabla ya macho. Ulianza kutetemeka chini ya magoti. Alipogeuza, povu la kahawia lilikuwa limejaza upana wote wa mto. Hakufika kivukoni, alitupwa kwenye matete chini zaidi, akashika shina la mti na kupanda. Mtumbwi ukaondoka bila yeye.

Aliporudi kwa miguu, amelowa chapachapa, aliwakuta waombolezaji wamesimama ukingoni. Magogo yalikuwa yakipita mbele ya jeneza.

"Hiyo maji ilikuwa na hasira," anasema taratibu.

Usiku huo familia ililala katika shule ya msingi iliyo karibu. Mazishi yalifanyika siku mbili baadaye, kwa kuzungukia darajani. Mzee Barasa hakuomba radhi kwa maneno, lakini ndiye aliyewatafuta vijana wa kutafuta mtumbwi. Waliupata umepasuka ubavu, ukazibwa.

Fridah, mjane wa marehemu, ndiye aliyemkalia Mukhisa moyoni. Alimwendea akauliza ni nani aliyepiga simu. Alipoelezwa, aliomba aongee naye. Wakapanda pamoja hadi mahali penye mtandao kidogo.

"Alisema tu, 'Mama, mimi ni yule alikuwa avuke na watoto.' Halafu akalia. Huko juu naye Mama Chepkorir alikuwa analia. Mimi nikashika simu tu."

Leo simu inapokelewa haraka. Mukhisa anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, anaifunga tena ndani ya nailoni. Endebess ni kukavu. Akina mama wanapanda.

Yeye na Chepkorir hawajawahi kuonana. Shule zikifungwa Desemba, Mukhisa anapanga kumchukua Nanyama na kupanda hadi huko.

"Kusalimia ni lazima," anasema, akikisukuma chombo majini. "Lakini pia nataka nione huu mto ukiwa mtoto. Mama anasema wakati wa kiangazi unauruka tu. Nataka niuruke, nigeuke, niuruke tena."