Tulivyoificha Chemchemi Isiingie Kwenye Ramani

Nilipokuwa mke mpya huko Kerende, miaka ile ya hamsini, nilishiriki uongo mmoja mkubwa, na mpaka leo nikiukumbuka nacheka peke yangu kama mwehu. Tuliificha chemchemi. Usiniulize mtu anafichaje maji yanayotoka ardhini, tulia, nitakueleza.

Kiangazi kile walikuja watu wa ramani. Walipiga hema karibu na mto Mara, na kila siku mpima wao, Mwafrika mwenzetu kutoka mbali huko upande wa Tabora, alipanda na vijito mpaka vinakoanzia, akiwa na mnyororo wa kupimia, penseli na ubao wa kuchorea. Kila chemchemi aliyoikuta aliichomekea kigingi cheupe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu ni nchi ya dhahabu, na vigingi tulivijua: mtu akishachomeka chake, kesho unaambiwa ng'ombe wako wasikanyage hapo. Baba mkwe wangu alikiona kigingi kwenye kijito cha jirani, akarudi nyumbani amevimba kwa hasira. Akasema hawa wanatafuta dhahabu, maji ni kisingizio tu, na chemchemi yetu hawataiona.

Basi bwana! Sisi Wakurya tukiamua kuficha nyayo, usitufundishe kazi. Asubuhi na mapema ng'ombe wote walipitishwa kwenye njia yetu ya maji, wakaenda, wakarudi, mpaka haikubaki alama hata moja ya mguu wa mwanamke. Juu ya chemchemi yenyewe tukarundika matawi ya miiba, ungedhani ni zizi la zamani lililoachwa. Aliyekata matawi ni mimi. Nilikata kwa bidii kweli kweli, maana nilitaka nisifiwe. Mkwe mgeni ana shida zake. Mpima alipofika, baba mkwe alimkaribisha vizuri, akampa maziwa, akamwambia macho makavu kwamba hapa hakuna maji, wanawake wetu wanachota mtoni. Mpima akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kumbe tumejikomoa wenyewe. Ili uongo usimame, ilibidi kweli tukachote mtoni. Kutoka kwetu hadi Mara ni mteremko mrefu wa mawe, na kurudi na mtungi kichwani ni kupanda tu. Na huko mtoni kuna mamba. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza.

Siku ya tatu nikamkuta mpima kivukoni. Anatupa gunzi la hindi majini, analifuata kwa macho, anatazama saa, anaandika. Kisha anatupa jingine. Mdomo wangu haujui kukaa kimya. Nikamsalimu, nikamuuliza hayo magunzi yamemkosea nini.

"Dada, napima mwendo wa maji," alisema akicheka. Kisha akanieleza taratibu. Mto unapungua na kujaa tope, kwa sababu kule juu miti imekatwa na chemchemi zinakanyagwa na mifugo. Kila chemchemi iliyomo kwenye ramani itazungushiwa ua na kupandwa miti, na ng'ombe watajengewa birika lao la kunywea hapo chini.

"Na ambayo haimo?" nikauliza.

"Hiyo hatuijui. Tutawekaje ua mahali tusipopajua? Na kesho tunang'oa hema."

Nikautua mtungi wangu chini. Maana jambo moja wanaume wetu hawakulijua, na mimi nililijua: chemchemi yetu ilikuwa inakufa. Nilipoolewa, mtungi ulijaa kabla sijamaliza kuosha miguu. Kiangazi kile, kabla hatujaifunika, niliketi pale mpaka jua likapanda, nakwangua maji kwa kibuyu, nusu yake tope. Ikikauka, ningeshuka kwa mamba maisha yangu yote, mimi na binti zangu.

Sasa, nitamwambiaje baba mkwe? Kwetu kuna ensoni, ile heshima ya kuoneana haya: mke wa mtoto hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana, seuze kumpinga. Mume wangu alikuwa kazini Musoma. Mama mkwe, ambaye angenisemea, alikuwa Nyamisangura kwa binti yake aliyejifungua. Nilibaki na mbuzi.

Jioni baba mkwe alipoketi nje ya boma, nikampa mgongo, nikamshika mbuzi pembe. "Wewe mbuzi," nikasema kwa sauti, "unajua vile vigingi si vya dhahabu? Ni vya kuwekea maji ua. Mpima kasema mwenyewe, na kesho anaondoka."

Nikasikia kikohozi. "Mbuzi," akasema baba mkwe, "na kama huyo mpima ni mwongo?"

Jamani, hasira ikanipanda, na mgongo unaniuma. "Mbuzi! Hebu niambie, kati yetu na mpima mwongo ni nani?"

Nilipotamka hivyo nikajua nimekwisha, kesho narudishwa kwa baba yangu. Lakini mzee alicheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, na kila akinyamaza, akimtazama mbuzi, anaanza upya.

Kulipokucha alikwenda mwenyewe hemani, huku vijana wakiondoa miiba. Mpima alipofika hakugomba. Aliuliza tu hilo zizi limehamia wapi, na watu wote wakaangua kicheko. Kisha akafungua ubao wake. Maji yanapungua miezi gani? Yanapungua kiasi gani? Je, mvua ikinyesha yanachukua siku ngapi kurudi?

Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema hayapungui. Mwingine akasema hukauka kila mwaka. Loo, hakuna aliyewahi kuchota hata kibuyu kimoja! Mpima akamgeukia baba mkwe. Mzee akatazama chini, halafu akaelekeza fimbo nyuma, nilikosimama mbali na wanawake wenzangu.

"Muulize yule. Maji haya anayajua yeye."

Kisha akatugeuzia mgongo, ili nipate nafasi ya kusema.

Nikasema. Mwezi baada ya mwezi, mtungi baada ya mtungi, na upande ambao maji hutokea kwanza mvua zikianza. Mpima alichonga penseli mara mbili. Nilipotulia kidogo, akanionyesha karatasi: kiduara cha buluu, kidogo kuliko punje ya ulezi, na kando yake maneno yangu yote. Nililia palepale kwa furaha, tumbo mbele, makamasi yananitiririka, mbele ya wakwe wote.

"Amemaliza?" baba mkwe akauliza, mgongo bado umetuelekea. "Kama hajamaliza, mwacheni aendelee."