Nilivyokimbia Siongiroi Hadi Fort Ternan

Niliondoka nyumbani Siongiroi katikati ya miaka ya tisini kwa sababu nilikuwa naozwa bila kuulizwa. Baba alikuwa amefariki, na ndugu yake, baba mdogo, alikubali nichukuliwe na mzee Koros, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefiwa na mke. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifundisha watoto kanisani.

Jumatatu alfajiri mama alinifungia viazi vitamu kwenye leso. "Enda kwa senge wako Fort Ternan," alisema. Senge ni shangazi kwetu. "Usigeuke, nitalia." Niligeuka. Alikuwa tayari analia.

Gari la maziwa lilinifikisha Sotik, kisha nikatembea. Alasiri nilifika Kapkatet, mashamba ya chai pande zote mbili za barabara, visigino vimechubuka. Nilisikia kwaya ikifanya mazoezi, nikaingia kanisani, nikaketi nyuma. Mama Rael, kiongozi wa akina mama, alinipeleka kwake akaniosha miguu kwa maji ya chumvi.

"Umetoroka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kula kwanza. Utanieleza ukishiba."

Kesho yake Zakaria, kijana wa kwaya kutoka upande wa Vihiga, alikuwa anaenda Kericho na lori la kiwanda cha chai kuchukua vipuri, nasi tukapanda naye. Mama Rael aliketi katikati yetu, mpana kama ukuta. Mvua ya Kericho ilipoanza, Zakaria aliimba sauti ya tatu ya wimbo ambao sauti zingine hazikuwepo, nami nikajikuta nimeshika ya kwanza. Mama Rael alitazama dirishani akitabasamu. Kericho, Zakaria alitupandisha basi, akabaki amesimama kwenye mvua mpaka tukaondoka.

Fort Ternan, senge alinipokea kwa mikono miwili. Zakaria alianza kuja kila mwisho wa mwezi, na kila mara alipata kitu cha kutengeneza: mlango, paa, hata redio iliyokuwa nzima.

Mwezi wa tatu tangu nifike, barua ya mama ikafika. Baba mdogo alimlaumu mama kwa kunificha, akataka kumfukuza bomani kwetu. Niliomba siku nzima baba mdogo alainike moyo. Nilichopewa ni ujasiri.

"Nikuje na wewe?" Zakaria aliuliza.

"Kuja. Lakini mimi ndiye nitaongea."

Tulifika Siongiroi adhuhuri pamoja na Mama Rael, tuliyempitia Kapkatet. Mzee Koros aliitwa. Mbele ya wote nilisema, "Mzee, nakuheshimu, lakini mimi sikukubali."

Alivua kofia. "Mimi niliambiwa umekubali, tena kwa furaha. Ningejua, singekanyaga hapa." Akamgeukia baba mdogo. "Umeniaibisha. Mama huyu akae kwake." Baba mdogo aliinamisha kichwa, akakubali mama abaki, na mambo yakaishia hapo.

Nilifunga ndoa na Zakaria huko Kapkatet mwaka uliofuata. Mzee Koros alikuja, akacheka sana kwa jinsi bwana harusi alivyoivunja Kipsigis, lugha yetu.

Nilijifunza kwamba nilimkimbia mtu ambaye sikuwahi kusikia neno lake hata moja. Lakini kukimbia sijutii. Nyumbani nilikuwa peke yangu, na sauti yangu haikutosha. Ilibidi niende mbali nikakutane na watu ambao Mungu alikuwa ameniwekea, ndipo nirudi nao nisikilizwe.